Maswali kwa Fundi: Baridi ya Minnesota

Swali: Shikamoo fundi. Nimetoka Mombasa, sasa naishi Minneapolis, Marekani. Gari nilitayarishe vipi kabla ya theluji?

Jibu: Marahaba mwanangu. Kapime betri wiki hii. Kwenye nyuzi 18 za Selsiasi chini ya sifuri, inaweza kupoteza nusu ya nguvu zake. Tairi za msimu wa baridi zifungwe zote nne. Tangi lisishuke chini ya nusu.

Kwenye buti ya gari weka koleo, mchanga, tochi, nyaya za kubusti betri na blanketi nzito. Mimi nilikwama barabarani kwa muda wa saa tatu, nikiwa na kikoi tu. Vidole viliuma wiki nzima.

Ukikwama, baki garini. Nakusihi, fukua theluji kwenye ekzosi kabla ya kuwasha injini: ikiziba, hewa yenye sumu ya moshi huingia garini, nayo haina harufu.