Jibu: Kwa nini maagizo yanaitikiwa kikaoni halafu kazi inatoka tofauti?
Ndugu, umeuliza kwa nini wafanyakazi wako wote huitikia maagizo kikaoni, kisha kila mmoja anafanya lake. Kwa maoni yangu, shida iko kwenye hiyo "sawa" unayoipokea. Mtu husema sawa kwa sababu ameelewa, au ameelewa kwa namna yake, au anaogopa kuonekana mzito wa kuelewa. Wewe huwezi kujua ni ipi.

Angalia ajali ya ndege ya Tenerife, kisiwa cha Uhispania, ya tarehe 27 Machi 1977. Ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya shirika la KLM la Uholanzi na nyingine ya Pan Am la Marekani, ziligongana uwanjani kwenye ukungu, watu 583 wakafa. Rubani wa KLM aliamini ameruhusiwa kuruka, kumbe bado. Mawasiliano ya redio yaliingiliana, ujumbe muhimu ukapotea. Kinachoniuma zaidi ni kwamba mhandisi wa ndege aliyekuwa naye aliuliza kama ile nyingine imeshatoka njiani. Akajibiwa kwa uhakika kwamba imetoka, na safari ikaendelea.

Kwa hiyo usiulize "mmeelewa?" Mwombe mhusika akueleze kwa maneno yake atafanya nini, lini, na atamkabidhi nani. Nyumbani pia inafaa, hasa kwenye mambo ya fedha. Lakini haitasaidia kama kikaoni anayeuliza hukatwa kauli. Mdogo akisema "subiri kwanza, mkuu", msikilize mpaka amalize, na umshukuru mbele ya wenzake hata kama amekosea.