Beki wa miaka 34 msimwache, sisi tulishalia kilio hicho

Mkuu nimesoma ulichoandika, beki wenu wa kati ana miaka 34, mkataba wake unaisha wiki ijayo, kamati inataka atemwe asajiliwe dogo wa miaka 20, halafu unauliza kitambaa cha unahodha apewe nani na mcheze 3-5-2 ya mabeki watatu au mbaki na mabeki wanne. MSIMWACHE. Sisi tulifanya hivyo hivyo, nilikuwa kwenye kamati ya usajili na mkono niliunyoosha kukubali, mpaka leo roho inaniuma.

Aliyetuponza ni jamaa mmoja anajiita mtaalamu wa takwimu, alikuja na laptopu akatuwekea vipande vya video, dakika sita nzima mzee wetu anaachwa na mawinga tu. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza hivyo vipande kavitoa kwenye mechi ngapi! Baadaye ndo tunajua kumbe jamaa ana asilimia yake kwenye usajili wa huyo dogo aliyempigia debe. Mtu kaja kukuuzia bidhaa we unamwita mshauri, aisee yule bwana sitamsamehe.

Dogo spidi alikuwa nayo, sikatai. Ila mechi ya kwanza, kona ya kwanza tu, yeye na beki mwenzake wakarukia mpira mmoja wakagongana, nyuma yao mtu kabaki peke yake kaweka kichwa. Zamani mzee ndo alikuwa anapiga kelele, we simama nguzo ya karibu, we mshike namba tisa wao, yule mshambuliaji, kipa toka, na sisi jukwaani tulimuona mropokaji. Mtego wa ofsaidi, ule wa mabeki wote kupanda pamoja ili mshambuliaji abaki ameotea, ndo ukafa kabisa, beki wa kulia kapanda wa kushoto kabaki chini anashangaa, hakuna wa kuwaambia tokeni. Kipa wetu aliyekuwa anasifiwa msimu mzima akaanza kuzomewa wakati shida haikuwa yake. Na hilo la spidi, mzee alikuwa anaanza kusogea kabla pasi haijapigwa, ndo maana ulikuwa humuoni akikimbia, sasa kitu kama hicho mtu wa vipande atakuonyesha saa ngapi?

Wakubwa nao yaliwakuta. Manchester United 2001 walimuuza beki wao wa kati Jaap Stam kwenda Lazio na hata mzee hakuwa, walikuwa wametoka kubeba ubingwa mara tatu mfululizo, msimu ule wakamaliza wa tatu na kocha Ferguson mwenyewe alikuja kukiri kwamba alikosea. Real Madrid 2003 wakamuachia kiungo mkabaji Makelele aende Chelsea, ubingwa wa ligi wakauona tena 2007. PSG 2020 walimuacha beki wao Thiago Silva aondoke bure na miaka yake 35, msimu uliofuata kabeba Ligi ya Mabingwa na Chelsea.

Dogo msajilini, sawa, lakini mkongwe asitoke mpaka dogo acheze pembeni yake msimu mzima, akaripiwe, akoromewe, ajifunze lini apande lini abaki. Mwongezeeni mzee mwaka mmoja, mechi mpunguzieni.

Wa kwetu tulimwambia kwa meseji, baada ya misimu tisa! Tulipomtafuta katikati ya msimu arudi hakupokea simu, na sikumlaumu. Wenu bado ana wiki, mfuate leo mazoezini we mwenyewe ukae naye, usimtume mtu.