Kwani kwenye mafungo ya wamisionari (siku za kujitenga kwa sala na kutafakari) mnasali tu kutwa nzima? Na kile kimya chake nakiogopa.

Hapana dada, hamsali mfululizo, na kile kimya ulichosema unakiogopa sio adhabu kabisa. Nachukulia mafungo ya Mt. Inyasi wa Loyola, kama wanayoendesha Wajesuti (shirika la mapadre na mabruda alilolianzisha) pale kituo cha mafungo cha Mwangaza, Nairobi. Asubuhi unasali, mnakunywa chai, alafu unachukua Biblia ukae na somo ulilopewa kama lisaa limoja hivi, iwe kikanisani au bustanini au hata ukitembea pole pole, ukimaliza unaandika kilichokugusa. Beba daftari tafadhali, ni la muhimu sana. Kila siku unaonana na msindikizaji wako, huyu hakuhubirii, anakusikiliza tu alafu anakupa masomo mengine ya kuendelea nayo, na kwangu mimi hapo ndo penye moyo wa mafungo yote maana unasema vitu ambavyo nyumbani huna wa kumwambia. Misa ipo kila siku, kuabudu Ekaristi pia, na ukitaka kitubio (kuungama dhambi) unaomba padre. Simu unazima. Mezani mnakula kimya, chumvi unaonyesha kwa mkono na unazoea haraka.

Masista na mapadre utawakuta wengi sababu sheria ya Kanisa inawataka watawa wafanye mafungo kila mwaka, yale marefu kabisa ni kama siku 30, ila walei (waumini wa kawaida) nao wanapokelewa, we anza na wikiendi. Na siku ya kwanza ukisikia usingizi mzito lala tu, mwili umechoka.