Maswali na majibu: Seli za watu wawili kwenye pleti moja (kipimo cha MLR, kuona kinga ya mtu mmoja inavyozishambulia seli za mwingine)

Nimechanganya limfosaiti (seli nyeupe za kinga) za dona A na B, siku ya 6 zimezaana kweli. Nitajuaje ni za nani?
Hutajua, maana zote zinashambuliana. Ukitaka upande mmoja tu ujibu, seli za ule mwingine uzipige mionzi au dawa ya mitomaisini C kwanza, zinabaki zinaonyesha HLA yake (alama za juu ya seli ambazo kinga inazitumia kumtambua mgeni) ila hazigawanyiki tena. Na mitomaisini uioshe vizuri, ikibaki inaua hadi zile unazozipima halafu unatuambia kinga imetulia.

Nisome matokeo siku ya ngapi?
Ya 5 hadi 7.

Nimejaribu dawa ya kutuliza kinga, vishimo vitatu kila doza. n yangu (idadi ya sampuli) ni 3, sivyo?
Sivyo! Swali hili linakuja kila mara na jibu ni lilelile, vishimo vitatu vya watu walewale wawili ni jozi moja, vinakuonyesha tu kama mkono wako na pipeti uko sawa. Jozi hazifanani hata kidogo, hawa wametofautiana HLA-DR (aina mojawapo ya HLA) unakuta CFSE (rangi inayopungua kila seli inapogawanyika) inashuka vizuri kizazi baada ya kizazi, wale wengine wanakaribiana na seli hazishtuki, sasa wewe ukiwa umeangukia jozi ya kwanza peke yake utasema nini kuhusu dawa? Tafuta jozi zaidi, na kila jozi uionyeshe peke yake kwenye grafu, usituletee wastani unaoficha kila kitu.

Seli ni chache, naweza kuacha kontroli ya mtu na seli zake mwenyewe?
Punguza idadi ya doza unazojaribu, hiyo kontroli usiiguse. Ndiyo inakuambia kelele za chini ni kiasi gani, yaani seli zinavyogawanyika bila kuchokozwa na mgeni. Kama nayo inapanda, angalia seramu (majimaji ya damu) unayokuzia seli, ya ndama inaweza kuziamsha seli za binadamu yenyewe, mi natumia ya binadamu wa kundi la damu AB. PHA (kiamshi cha limfosaiti) nayo iwepo, bila hiyo seli zikinyamaza huwezi kujua zimetulia au zimekufa.

Kaka yangu anataka kunipa figo, tuombe kipimo hiki?
Hapana, kinachukua karibu wiki na hakioni antibodi (protini za kinga zilizomo kwenye damu). Hospitali watapima HLA kwa DNA, halafu watakutanisha seramu yako na seli zake, hiyo ni kazi ya saa chache. Ndugu wa baba na mama mmoja wana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana kabisa HLA. Ila usimfiche daktari kama umewahi kuongezewa damu, au kama wewe ni mwanamke umewahi kubeba mimba hata kama ilitoka, antibodi zinazotokana na hayo zinaweza kuua figo mpya siku ileile.