Sauti ya kitoto peke yake haikupi kazi ya katuni

Mdogo wangu, umeuliza mambo matatu: kama sauti yako ya kitoto, ambayo wageni wakipiga simu wanakuambia "mpe mama", inatosha kukuingiza kwenye katuni za televisheni, kama kazi hii inamlisha mtu, na uanzie wapi. Nafanya kazi hii hapa Dar, katuni za watoto kwa Kiswahili na tamthilia za nje zinazoingizwa sauti, kwa hiyo nakujibu kwa ninayoyaona studio.

Sauti yako ni mtaji, ila kazi yenyewe ni kuigiza. Kwenye usaili nimekaa foleni na wasichana wenye sauti za kila namna, za paka, za vichanga, za vibibi, kisha muongozaji akamchukua mwenye sauti ya kawaida kabisa. Tuliambiwa tuwe mtoto aliyepoteza mbuzi wa baba yake na anaogopa kurudi nyumbani. Wengi wetu tulilia kwa madaha. Yeye aliongea polepole, akameza mate, akanyamaza katikati ya sentensi, na sote mle ndani tukamwamini. Watoto wanaotazama ndio wakali zaidi kwenye jambo hili. Mtu mzima akijifanya mtoto wanamtambua mara moja na kugeukia kitu kingine.

Waangalie waliodumu. June Foray wa Marekani, aliyezaliwa 1917, alianza na michezo ya redio akiwa na miaka 12. Mwaka 1959 akawa sauti ya Rocky, yule kindi arukaye, na katika katuni hiyohiyo akawa pia Natasha, jasusi mwovu anayemwinda. Shujaa na adui yake walitoka koo moja! Huwezi kufanya hivyo kwa kupandisha na kushusha sauti tu. Lazima ujue kila mmoja anataka nini. Mwaka 2012, akiwa na miaka 94, alipata tuzo ya Emmy kwa kazi ya katuni. Japani yuko Masako Nozawa, aliyezaliwa 1936. Amekuwa sauti ya Goku, shujaa wa katuni za Dragon Ball, tangu Februari 1986, baadaye akawabeba na watoto wa Goku, Gohan na Goten, na mwaka 2024 kwenye Dragon Ball Daima alikuwa bado ni yeye. Niambie ni mwigizaji gani wa kuonekana kwenye kioo anayeachiwa kucheza kijana hadi umri huo. Ndiyo maana naipenda kazi hii kwa moyo wote. Hakuna anayekuuliza unene, rangi wala makunyanzi.

Hapo hapo nikupe siri ambayo wanaoanza huikosa: jifunze sauti za wavulana. Mtayarishaji akimchukua mvulana halisi wa miaka kumi, baada ya muda mfupi sauti inavunjika na mhusika anapotea, wakati katuni inaweza kuendelea miaka mingi. Mwanamke hana tatizo hilo, na ndiyo sababu wavulana wengi wa kwenye katuni ni kina mama. Nancy Cartwright alikwenda kwenye usaili mwaka 1987 akitakiwa kusoma nafasi ya Lisa, binti wa katuni ya The Simpsons. Akaona maelezo ya Bart, kaka yake Lisa, akaomba kusoma Bart, akapewa kazi palepale. Bart hajavuka miaka kumi mpaka leo. Na Nancy hakuokotwa barabarani: tangu akiwa mwanafunzi alikuwa akifundishwa na Daws Butler, sauti ya Yogi Bear, yule dubu wa katuni. Kwa hiyo usikazanie vibinti tu. Mvulana mtafute kifuani zaidi kuliko puani, na sentensi zake zikate.

Studio kuna namna mbili za kufanya kazi. Katuni inayotengenezwa upya, kwa kawaida mnarekodi kwanza, wachoraji wanachora mdomo na mwili kufuata sauti yenu. Huko una uhuru. Ukicheka kwa namna yako, mhusika naye atacheka hivyo. Namna ya pili ni kuingiza sauti kwenye picha iliyokwisha kuchorwa, na hapa Kiswahili kinatutoa jasho. Mhusika anafungua mdomo mara mbili, tafsiri imekuja na silabi saba. Maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, mdomo ukiwa wazi, wakati yeye kwenye picha ameshafunga. Unajifunza kuangalia midomo inapokutana, maana hapo panahitaji m, b au p. Mhusika akifunga midomo katikati ya neno, "sitaki" haikai, "hapana" inakaa. Muongozaji mzuri anakuruhusu kubadilisha palepale maana isipopotea, kwa hiyo msomi wa Kiswahili ana faida kubwa kuliko mwenye sauti tamu. Soma sana. Jua njia tano za kukataa, tano za kushangaa.

Kisha kuna sauti zisizo na maneno: kuhema, kuanguka, kupanda mti, kula, kupigwa na mpira. Wanaoanza huona aibu kuzifanya, na bila hizo mhusika hana mwili. Mimi huomba kelele na mayowe viwekwe mwisho wa siku, kwa sababu ukianza navyo koo limekwisha na bado una kurasa za mazungumzo. Koo likiuma, acha. Maumivu ni dalili kwamba unalibana. Sauti ikikauka, nyamaza kabisa, usinong'one, kwani kunong'ona nako kunalichosha. Maji anza kunywa tangu jana yake, si mlangoni mwa studio. Tufaa la kijani husaidia kuondoa ile milio ya ulimi mkavu ambayo maiki inaidaka yote. Bangili na nguo zinazochakarisha ziache nyumbani.

Sasa pesa. Katuni peke yake hapa kwetu haijanitosha kamwe. Naichanganya na matangazo ya redio, masomo ya kusikiliza, na zile sauti za "bonyeza moja" za kwenye simu. Malipo mengi ni ya mara moja, kwa sehemu moja au kwa kikao, na katuni ikirudiwa kila likizo ya shule wewe hupati kitu. Marekani waigizaji wana chama chao, SAG-AFTRA, kinachopigania viwango vya chini na malipo ya marudio. Mimi kila mkataba naujadili mwenyewe. Nimewahi kusubiri malipo kwa miezi huku kipindi kinaendelea kurushwa na watoto wa jirani wanaimba maneno yangu. Tangu hapo sirekodi kabla ya kusaini na kupokea sehemu ya pesa. Fahamu pia kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwigizaji, hata kama hadithi si yake.

Mkataba usome hadi mwisho, hasa ukikuta "matumizi yoyote, kwa teknolojia yoyote, milele". Mstari huo siku hizi unaweza kumaanisha sauti yako itafundishiwa mashine, na mashine ndiyo itakayopewa msimu wa pili. Waigizaji wa michezo ya kompyuta Marekani waligoma kuanzia Julai 2024 hadi mwaka uliofuata, na jambo kubwa lilikuwa hilo. Mimi huomba mstari ufutwe. Waajiri wengi wamekubali bila ugomvi. Mmoja alikataa, nikaiacha kazi yake, na ilikuwa kazi nzuri, mhusika niliyemtamani. Ningeiacha tena.

Kuhusu kuanza, usisubiri tangazo la katuni. Nenda kwenye michezo ya redio, kikundi cha jukwaani, au ukipata nafasi soma TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo. Redio inakufundisha kubeba hadithi bila uso. Kazi za hapa zipo: katuni ya masomo Ubongo Kids ilianza TBC1 Januari 2014, halafu akaja Akili, yule binti wa miaka minne wa chini ya Mlima Kilimanjaro, na vituo vya televisheni vinaendelea kuingiza Kiswahili kwenye tamthilia za nje. Anayeajiri atataka kusikia sampuli. Iwe dakika moja, wahusika watatu wanaozungumza wao kwa wao, na mmoja wao awe na sauti yako halisi bila kuigeuza. Usiige mhusika maarufu, usiweke muziki. Rekodi ndani ya kabati la nguo, maiki umbali wa shubiri moja na kidogo pembeni ya mdomo, usiku bodaboda zikitulia na kabla kunguru hawajaamka.

Ukimaliza nitumie kwa ujumbe wa faragha. Nitaisikiliza yote, na nitakuambia ukweli mhusika yupi nimemwamini.