Kijana sprinta, jifunze kwanza kupanda mlima

Vijana ninaowanoa katika mbio za baiskeli huniuliza kwanza jinsi ya kuongeza kasi kwenye mita 200 za mwisho. Jibu langu huwakera: nendeni mkatafute mlima.

Nimeshindana kwa miaka mingi kama sprinta, yaani mwendeshaji anayetegemea kasi ya umaliziaji, na najua kwamba kasi wengi wenu mnayo tayari. Misuli ya namna hiyo kwa kiasi kikubwa mtu huzaliwa nayo. Atakayedumu katika kazi hii ni yule anayefika mwisho wa mbio miguu ikiwa bado na kitu.

Mtazameni sprinta Mark Cavendish mwaka 2024. Siku ya kwanza ya Tour de France, kutoka Florence hadi Rimini, joto lilimzidi, akatapika akiwa juu ya baiskeli na kuachwa mbali milimani. Kanuni haina huruma: kila hatua, yaani mbio za siku moja ndani ya mashindano, ina muda wa kikomo unaokokotolewa kutokana na muda wa mshindi, na anayeuvuka anatolewa mashindanoni. Wenzake wa timu walibaki naye nyuma, wakamkatia upepo mpaka akafika kwa wakati. Julai 3 akashinda hatua ya Saint-Vulbas, ushindi wake wa 35 wa hatua za Tour, akimpita Eddy Merckx mwenye 34. Wengi wanaukumbuka ushindi huo. Mimi huwaonyesha vijana ile siku ya kwanza.

Kwa hiyo, mlima unapokaribia, sogea mbele ya kundi kabla haujaanza. Ukianza kupanda ukiwa mbele, una nafasi ya kurudi nyuma taratibu, na unaweza kufika kileleni ukiwa bado mkiani mwa kundi; ukianza mkiani, umeachwa dakika za mwanzo tu. Usiwafuate wapanda milima wanaposhambulia. Shika mwendo wako, kula na kunywa kabla njia haijawa kali. Ukiachwa, tafuta grupeto, lile kundi la walioachwa ambao hupokezana mbele na kupiga hesabu ya muda pamoja. Humo mpinzani wako wa jana ni ndugu yako, na anayekwepa zamu yake hukumbukwa.

Kuhusu treni ya wenzako inayokuvuta mwishoni, jifunze pia kuwa behewa. Mwaka 2009, kwenye Champs-Élysées, Mark Renshaw alimvuta Cavendish mpaka karibu na mstari wa kumalizia, na bado yeye mwenyewe akamaliza wa pili. Kazi hiyo ina heshima na ina mkataba.

Hatari sitaificha. Fabio Jakobsen aliumia vibaya sana kwenye umaliziaji wa Katowice, Poland, Agosti 2020, akalazwa mahututi. Mwaka uliofuata alishinda hatua tatu za Vuelta, mbio kubwa za Hispania, na jezi ya kijani ya anayeongoza kwa pointi. Ukifungua kasi, shika mstari wako. Kumbana mwenzako kwenye uzio ni kucheza na uhai wake, na mtoto atakayefanya hivyo mazoezini kwangu hashindani wiki hiyo.

Biniam Girmay wa Eritrea alitwaa jezi ya kijani ya Tour mwaka 2024 kwa sababu, pamoja na kasi yake, vilima vinavyowaacha masprinta wengine yeye huvivuka. Ukitaka kuanza kuelekea huko, kasi zako za mazoezi zihamishie mwisho wa safari ndefu, baada ya kilima cha mwisho, miguu ikiwa imeshachoka.