Pedali ya breki ilizama Mai Mahiu, ni diski ama?

Swali: Fundi, niko na Probox. Jumamosi nilikuwa nashuka Mai Mahiu na mifuko ya simiti nikienda Narok, katikati ya mteremko nikasikia harufu ya kuungua, pedali ikawa laini, karibu ifike chini kabisa. Nikapaki kama nusu saa ikarudi sawa. Sasa kuna mtu ananiambia ninunue diski mpya mbili. Nimpe pesa?

Jibu: Pole boss, na ushukuru Mungu ulipata pa kupaki. Hiyo pesa shikilia kwanza. Diski, ile sahani ya chuma inazunguka na gurudumu, ikipinda utaisikia kwa usukani, unatetemeka ukishika breki, lakini haizamishi pedali hivyo.

Ukikanyaga, masta silinda inasukuma mafuta ya breki kwa paipu mpaka kwa kalipa, ile chuma imekumbatia diski, pistoni yake inatoka inabana pedi (vile vibao vya kusugua) kwa diski, na mwendo wa gari unageuka joto. Sasa wewe umelalia breki toka juu na simiti nyuma, hilo joto likapita kwa pedi likaingia kwa pistoni mpaka mafuta yakachemka, na yakichemka yanatoa mvuke. Mafuta hayabonyei, mvuke unabonyea, so mguu ulikuwa unafinya mvuke tu. Ilipopoa, mvuke ukaisha, ukadhani gari imepona. Kama pedali ingebaki ngumu na gari haishiki, hapo ningelaumu pedi zimeshindwa na joto.

Shida kubwa ni mafuta kuzeeka, yanavuta unyevu wa hewa. Mafuta ya breki yana madaraja: DOT 3 ikiwa mpya haichemki kabla ya 205°C, lakini ikishavuta unyevu inaweza kuchemka kwa 140 hivi. DOT 4 ni 230 mpya, 155 ikizeeka. Na watu wetu huongezea tu, hawamwagi! Fungua kifuniko, ukikuta rangi ya strungi hayo yameisha, mwaga yote, weka DOT 4, ublidi, yaani utoe hewa kwa paipu, magurudumu yote manne.

Wakiwa hapo waambie wafungue kalipa waangalie zile pini inateleza nazo. Juzi nimefungua moja pini imeshikwa na kutu, pedi ya ndani imebaki nyembamba kama ganda la njugu na ya nje bado nono, hiyo gurudumu ilikuwa inachomeka hata barabara tambarare. Waangalie pia kama kuna mahali panavuja.

Na ukirudi huko, ingiza gia ya chini kabla mteremko uanze, si ukishasikia harufu.